Chupa ya Mama Hortense

Éliane hakuwa mtu wa kusahau. Siku aliyoingia Kalemie akikimbia vita vya Nyunzu, mwaka wa 2017, hata leo angeweza kukueleza ni sufuria gani aliiacha mekoni na ndani yake mlikuwa na nini. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa tatu, alipomwona Mama Hortense akitia dawa mara mbili katika bidoni moja, yaani dumu moja la maji, alianza kwa kujishuku mwenyewe. Alijiambia kwamba usingizi haujamtoka machoni, akageuka kumsaidia mwanamke mwingine kufungua kifuniko.

Hapo ni mwaloni, chini ya Kataki, ambako watu wa mtaa hushuka alfajiri kuteka maji ya ziwa, kwa sababu mabomba hutoa maji siku yanapojisikia. Ukiyatazama maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri, unaona hadi kokoto za chini. Lakini kipindupindu hakionekani kwa macho, na hakuna mwaka kinaposahau kurudi. Ndiyo maana kulikuwa na kikundi cha wajitolea. Walisimama kando ya maji na chupa ya klore, dawa inayoua vijidudu, wakavuta kipimo kwa seringe isiyo na sindano na kukitia katika kila bidoni kabla haijapanda mtaani. Karatasi ya kikundi ilikuwa na majina kumi na moja, ila wanane kati yao walikuwa wajitolea wa siku ya kugawa fulana. Waliobaki ni Mama Hortense, mkubwa wa kikundi, mjane wa miaka sitini na nane asiyekosa aproni ya bluu ya kikundi. Michée, aliyewahi kuwa mchukuzi wa mizigo stesheni. Na Éliane, muuza dagaa, ambaye kila mtu alimjua kama mkono wa kuume wa Mama.

Mama Hortense alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni seringe moja, mkono mmoja. Yeye peke yake ndiye aliyetia dawa, ili bidoni isipate mara mbili na nyingine ikose. Wengine kazi yao ilikuwa kupanga foleni, kukagua bidoni chafu na kufungua vifuniko. Sheria ya pili ilikuwa kikombe cha kwanza. Miaka ya nyuma uvumi ulienea kwamba klore inaziba matumbo ya wanawake wasizae, na watu wakawa wanapita pembeni na maji yao mabichi. Mama Hortense, aliyezaa watoto tisa, alijaza bidoni yake mbele ya wote, akatia dawa, akangoja nusu saa dawa ifanye kazi, akachota kikombe na kukinywa chote. Kisha akajifuta mdomo na kusema, "Nikikufa, kesho musirudi." Watu wakacheka. Kesho yake wakarudi. Tangu siku hiyo ikawa desturi: bidoni ya kwanza hutiwa dawa mapema, Mama anakunywa, anasema maneno yake, foleni inaanza kusogea. Kulikuwa na wanawake wasiokubali kuondoka na maji mpaka wayasikie.

Éliane alikuwa na lake moyoni kuhusu mama huyo. Alipokuwa bado chini ya hema la wakimbizi, mwanawe wa pili alishikwa na kipindupindu, akaishiwa maji mwilini asubuhi moja tu. Watu walisimama mbali. Mama Hortense, ambaye hakumjua hata kwa jina, alimfunga mtoto mgongoni na kumpeleka kituo cha matibabu kwa miguu, huku yule mtoto akimchafua njia nzima. Mtoto alipona. Wiki iliyofuata Éliane alikwenda mwaloni kushukuru, akapewa kazi ya kufungua vifuniko, na hakuiacha tena.

Sasa rudi kwenye ile bidoni. Siku mbili baadaye mwanamke mmoja alirudi nayo, akaitua miguuni pa Mama Hortense.

"Mama, hii maji inanuka sawa nguo ya hopitali. Mutoto amekataa hata kuoga."

Mama akanusa, akakunja uso. "Nani ametia hii?"

Mwenye seringe alikuwa mmoja tu.

Kisha ikaja kinyume chake. Bidoni tatu zilipita mbele ya Mama, akazipigapiga ubavuni kwa upendo na kuziachia ziende bila tone. Éliane akaishika ya tatu.

"Mama, hii bado."

"Ilishapata."

"Bado, Mama. Nilikuwa naangalia."

Mama Hortense alimtazama kwa huruma ya kweli. "Éliane mwanangu, weye njo unasahau siku hizi. Unalala muzuri?"

Na Éliane, yule wa sufuria ya Nyunzu, alisimama pale hajui aamini macho yake au ile sauti. Mama hakuwa amesema kwa hasira. Angesema kwa hasira, ingekuwa rahisi. Basi Éliane akaanza kubeba kokoto mfukoni: kila bidoni ikitiwa dawa, anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Siku ya tatu alijikuta amesimama na kokoto mkononi, hajui kama ni ya bidoni iliyopita au ya hii inayokuja. Alizimwaga zote majini, akawa na hofu kwamba ugonjwa wenyewe, kama ni ugonjwa, unaambukiza.

Kilichomvuruga zaidi ni siku nzuri. Kulikuwa na asubuhi ambazo Mama Hortense alimjua kila mtoto kwa jina, akakumbuka nani ana mimba ya miezi mingapi, akaona ufa wa bidoni kutoka hatua tano. Ukimwona siku hiyo unaona aibu kwa yote uliyoyawaza jana. Halafu kesho anafika amevaa blauzi nje ndani, seringe ameichomeka kwenye kilemba, anaitafuta mchangani.

Kila mtu alikuwa na jina la jambo hilo, na hakuna majina mawili yaliyofanana. Muuguzi alisema ni umri na presha, akatoa vidonge. Katekista alisema ni uchovu, akatoa sala. Wauza samaki, ambao hawakuwa na cha kutoa, walisema amerogwa, kuna mtu anakitaka kiti chake. Na anayekitaka ni nani kama si yule anayesimama karibu naye? Éliane aliyasikia hayo kwa masikio yake huku akipima dagaa kwa kopo, akajaza kopo kupita kiasi, mteja akaondoka na nyongeza ya bure. Kiti chenyewe, nikuambie, kilikuwa bidoni kuukuu iliyopinduliwa.

Mara moja tu Mama aliugua homa akabaki nyumbani, na Michée akashika seringe. Zaidi ya nusu ya wanawake walipita bila kusimama. "Mukono ya Mama tunaijua," mmoja wao alimwambia Michée bila kumficha. "Yako hatuijue." Éliane alisimama akitazama maji mabichi yakipanda kilima juu ya vichwa vya watu wasio na wasiwasi wowote.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mama. Alipokelewa mlangoni na Laure, binti wa mwisho, fundi wa kushona, aliyeishi na mama yake. Laure, aliyemchukua kama dada mkubwa, alimvuta pembeni ya cherehani.

"Yaya Éliane, akiwa hapa nyumbani anazunguka tu. Anauliza mulango iko wapi, na iko mbele yake. Lakini akivaa ile tabliye ya bluu ya kikundi, anajua njia, anajua watu, anajua kazi. Musimunyang'anye. Ninakuomba. Siku mutamunyang'anya, nitabaki na muntu gani hapa?"

Hapo ndipo Éliane alipokwama. Akimwachia Mama Hortense seringe, siku moja maji mabichi yatapanda na mtu atakufa. Akimpokonya, Mama mwenyewe ndiye atakayezimika, nusu ya mtaa wataacha dawa, na wauza samaki watasema si tulisema. Aliliwaza hilo akipika, akifua, akianika dagaa. Kila alipodhani ameshika jibu, lilimponyoka.

Jibu lililetwa na Michée, wiki moja baada ya Pasaka. Michée alikuwa mtu wa vitendo, na watu wa vitendo wana hatari yao.

"Tumutilie maji ya kawaida ku chupa yake," alisema. "Atie mara mbili, atie mara kumi, haina shida. Miye nitasimama kule juu, pale njia inabana, na dawa ya kweli. Nitasema ninaangalia vifuniko."

"Na Mama?"

"Mama atabaki Mama."

Éliane alitafuta ubaya wa mpango huo na aliuona, lakini aliuona kwa mbali, na shida yake ilikuwa karibu. Akakubali.

Ukafanya kazi, na hilo ndilo la kusikitisha. Njia ya kupanda mtaani inazunguka ukuta wa ghala la zamani, kwa hiyo aliye mwaloni hamwoni aliye juu. Kila alfajiri Éliane aliwahi kabla ya Mama, akatia dawa ya kweli katika bidoni ya kwanza, ile ya kikombe, akaijaza ile chupa nyeupe maji ya ziwa. Mama alifika, alikunywa, alisema maneno yake, watu wakacheka. Kisha akaketi na kuanza kutia maji ya ziwa ndani ya maji ya ziwa, kwa uangalifu mkubwa, akifuta tone lililobaki mdomoni mwa seringe lisipotee bure. Éliane alijifunza kutazama vifuniko tu. Aliona haya, na pamoja na haya alikuwa na nafuu, na hakujua moja limeishia wapi lingine limeanzia wapi. Siku nyingine alijisahau kabisa, akamgombeza mwanamke aliyetaka kupita bila kusimama kwa Mama, kisha akakumbuka kilichomo ndani ya ile chupa, akarudi kwenye vifuniko vyake. Karibu miezi mitatu ikapita hivyo.

Michée alikuwa na safari ya Kabalo, kumaliza matanga ya baba yake mdogo. Treni, walimwambia, ni Jumamosi. Lakini treni ya Kabalo haina siku, ina honi tu, na Alhamisi alfajiri ikapiga honi. Éliane aliisikia akiwa anafunga kitenge. Alijiuliza kama ni treni ya wiki hii iliyowahi au ya wiki iliyopita iliyochelewa, akatabasamu peke yake, akaweka simu katika mfuko wa plastiki chini ya kikapu cha dagaa ili isilowe, akashuka.

Alimkuta Mama Hortense ameshafika. Ameketi kwenye kiti chake, aproni ya bluu imefungwa sawasawa, bidoni ya kwanza imejaa mbele yake.

"Leo nimekushinda," Mama alisema kwa furaha. "Nilishatia dawa. Tungoje tu."

Alikuwa ametia kwa chupa yake, na ndani ya chupa hiyo mlikuwa na maji yaliyobaki jana. Éliane akatazama nyuma. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni. Hakukuwa na namna ya kuigusa bidoni ile bila kuonekana. Akajiambia ni kikombe kimoja tu, kwamba mama huyu alikua akinywa ziwa hili hili, kwamba kesho atawahi zaidi. Ulikuwa uamuzi mdogo, au ndivyo alivyouona.

Nusu saa ikapita. Mama Hortense akachota, akainua kikombe, akakifikisha mdomoni. Akasimama hapo hapo. Alikinusa. Akakinusa tena, polepole, kisha akamwaga maji mchangani. Akafungua ile chupa nyeupe, akatia kidole, akakigusisha ulimi.

"Hii si dawa," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya siku nzuri. "Hii ni maji ya ziwa. Musibebe maji leo. Wametudanganya ku dépôt ya dawa."

Waliokuwa mbele walitua bidoni zao. Kisha watu wakaanza kutazamana kwa ule mtazamo ambao Éliane aliufahamu vizuri, kwa sababu alikuwa ameubeba mwenyewe tangu mwezi wa tatu. Mwanamke mmoja akazungusha kidole kando ya kichwa. Na wote wakamgeukia Éliane wasikie neno lake.

Neno lilikuwepo, rahisi. Juu kuna Michée na dawa ya kweli. Maji yatakuwa salama. Kinachotakiwa ni foleni isogee. Éliane akavuta pumzi.

"Mama amechoka leo," aliwaambia watu. "Musihangaike. Dawa iko muzuri."

Akamshika Mama mkono, akaichukua seringe kutoka katika vidole vyake, akavuta maji kutoka ile chupa ya uongo na kuyatia katika bidoni ya kwanza ya foleni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika seringe mbele za watu. Kwa miezi yote hiyo aliogopa kwamba watamkataa, na wala hawakumkataa. Walikuja mmoja mmoja, wakashukuru, wakapanda. Mama Hortense aliketi pembeni na mikono juu ya magoti, akiangalia. Hilo Éliane atalikumbuka akiwa mzee: ile mikono mitupu.

Foleni ilikuwa karibu kuisha alipokuja mwanamke aliyekuwa ameshapanda mara moja, amerudi na bidoni ya pili.

"Papa Michée haiko leo pale juu," alisema, akifungua kifuniko. "Vifuniko hamuangalie tena?"

Éliane alimsikia, lakini maana ilichelewa kufika. Kisha akaikumbuka honi. Alimwaga dagaa wote mchangani akitafuta simu, na kwenye kioo zilikuwepo simu tatu za Michée, zote za kabla ya saa kumi na mbili. Akajaribu kukumbuka ametia bidoni ngapi, ishirini, thelathini, hamsini, na kichwani hamkuwa na hesabu yoyote, ukungu mtupu.

"Mama," alisema, na alipiga magoti bila kujua. "Zimepanda ngapi?"

"Makumi ine na moja," Mama Hortense alijibu. "Nilikuwa nahesabu. Haukuniachia kazi ingine."

Basi Éliane akasimama mbele ya watu waliobaki, akasema yote. Kwamba chupa ni maji. Kwamba hakuna aliyewadanganya ku dépôt, ni yeye aliyetia, yeye na Michée, tangu Pasaka. Kwamba Mama alisema kweli na yeye amemfanya mwongo. Wauza samaki waliomwita mchawi wiki zote hizo waligeukia samaki wao, maana walichokisikia kilikuwa kibaya kuliko walichokitunga. Mwanamke mmoja alitema mate chini na kukimbia kupanda, akiwa na mtoto nyumbani. Wengine wakamfuata.

Éliane na Mama Hortense walipanda pia, na chupa ya kweli iliyokuwa imefichwa chini ya kikapu. Walikwenda mlango kwa mlango. Mama alitangulia. Kila nyumba alibisha, alisalimia, akauliza maji ya leo yako wapi, akatia kipimo katika bidoni au pipa huku Éliane akifungua kifuniko na kurudia kisa chake mbele ya wenye nyumba. Wengine walimtukana. Mzee mmoja alimwambia kwamba afadhali asingejitolea kabisa. Mpaka jua linafika utosini walikuwa wamepata bidoni thelathini na nane.

"Zimebaki tatu," alisema Éliane.

Mama Hortense aliketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, akavua kandambili. "Makumi ine na moja," alisema. Kisha uso wake ukabadilika. "Ao thelathini na nane. Sijue tena, mwanangu."

Hapo ndipo Éliane alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, barazani kwa watu asiowajua.

"Tangu Pasaka, umesema," Mama alisema alipotulia.

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku nilikuwa natia maji ku maji. Na munaniangalia."

"Ndiyo."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa utaumia."

"Na sasa siumii?" Mama alitazama ziwa chini. "Kichwa yangu inapotea, Éliane. Munafikiri sijui. Asubuhi ingine ninashika mulango, sijue ni wa kuingia ao wa kutoka. Muniondoe seringe, ni sawa. Pua yangu iko. Lakini muniambie. Nikisahau, muniambie tena." Akamtazama. "Usinifiche tena kitu."

Éliane akaahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi. Alidhani ni ahadi ya siku moja.

Siku tano alizingoja, kwa sababu ugonjwa ule ukiingia mwilini hukawia hadi siku tano kujionyesha. Kila king'ora barabarani kilimtoa mlangoni kutazama. Siku ya tatu mtoto mmoja wa Kataki ya juu alilazwa kituo cha matibabu. Éliane alikwenda kukaa na mama yake, akamuuliza Alhamisi aliteka maji wapi. Yule mama alifikiri sana. Labda mwaloni, labda kwenye kisima cha jirani, hakumbuki, mbona anamuuliza mambo ya juzi wakati mtoto amelala hivi. Mtoto alitoka mzima baada ya siku tatu. Mpaka leo Éliane hajui kama ile ilikuwa moja ya bidoni tatu, wala kama hizo tatu ziliwahi kuwepo.

Lakini nimeruka jambo. Asubuhi ya Ijumaa, siku moja tu baada ya ile ahadi barazani, Mama Hortense alishuka mwaloni na aproni yake ya bluu, akaketi kwenye bidoni yake, akanyoosha mkono.

"Seringe yangu iko wapi?"

Éliane alidhani anamjaribu. Akamtazama machoni, akaona hamna mchezo. Alhamisi yote ilikuwa imetoweka: kikombe, bidoni thelathini na nane, baraza. Uongo ulikuja wenyewe hadi mdomoni, mwepesi: Mama, inaoshwa, kaa kidogo. Ungemeza siku, na kesho ungemeza nyingine. Éliane akameza mate badala yake, akachuchumaa mbele yake, akamwambia yote.

Mama Hortense alikasirika upya. "Tangu lini?" aliuliza, kwa maumivu yale yale, na Éliane akajibu tangu Pasaka, na Mama akasema kila siku nilikuwa natia maji ku maji na munaniangalia. Jumamosi ikawa hivyo tena. Jumapili, Laure alikuja kumfuata mama yake, akasimama mbali akisikiliza, akamgeukia Éliane na macho mekundu.

"Kila siku utamufanyia hii?"

"Aliniomba yeye mwenyewe."

"Hakumbuke kama alikuomba."

"Miye ninakumbuka," Éliane alisema, na hakuwa na hakika hata kidogo kama alikuwa anafanya wema au ukatili. Bado hana.

Michée alirudi kutoka Kabalo na aibu yake, akapewa vifuniko. Watu walipungua kwa wiki mbili, kisha wakaanza kurudi kidogo kidogo, si kwa ajili ya Éliane. Walirudi kwa sababu ya pua. Habari ilikuwa imepanda mtaani kwamba Mama Hortense, kichwa chake kikiwa hivyo, aliyajua maji mabichi wakati wenye akili zao timamu walikuwa wakiyagawa. Sasa bidoni ya kwanza ilitiwa dawa mbele ya wote, na kikombe kilipitia kwake kabla ya kunywewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa ameshauliza, ameshaambiwa, ameshakasirika na kutulia.

"Na miye ninafanya nini sasa?" aliuliza.

"Unanusa, Mama."

Éliane akampa kikombe. Mama Hortense alikinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, na foleni nzima ikamngoja. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia. Éliane akanywa chote, akajifuta mdomo. Watu waliendelea kusimama. Walikuwa wanangoja yale maneno, na tangu Alhamisi ile Éliane hakuwahi kuweza kuyatamka; kwake hayakuwa tena mzaha.

Mama Hortense aliitazama foleni, akamtazama Éliane.

"Huyu akikufa," aliwaambia watu, "kesho musirudi."

Wakacheka, kicheko cha zamani, na foleni ikaanza kusogea. Éliane alivuta kipimo cha kwanza, akainama juu ya bidoni ya kwanza. Akahisi mkono umemshika kitenge.

"Mwanangu," Mama alisema polepole, watu wasisikie. "Seringe yangu uliiweka wapi?"

Éliane akamwomba mwenye bidoni asubiri kidogo. Akachuchumaa, akamwambia tena.